Bei Inaposhuka kwa Kukosa Mnunuzi



Wasomaji wetu watukufu, siku hizi ukikaa barazani au ukisimama katika mlango wa duka hukosi kumsikia mtu akisema, "Alhamdulillahi, vitu vimeshuka." Kanga zatolewa kwa bei ya kutupa, muuza viatu akuita kabla hujamtazama, na chumba kilichokuwa kikigombaniwa sasa mwenyewe ndiye anayemtafuta mpangaji. Kushukuru ni wajibu katika kila hali, wala simzuii mtu. Ninaloomba ni tujiulize swali moja kabla ya kufurahi: kitu hiki kimeshuka kwa kuwa kimekuwa kingi, au kimeshuka kwa kuwa wenye uwezo wa kukinunua wamepungua? Kwa anayenunua leo, mambo hayo mawili ni sawa. Kwa nyumba nzima, kwa mwaka mzima, hayafanani hata kidogo.

Tulitazame kwanza lile lililo jema. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200 mwaka 2022, na ikabaki juu kwa sehemu kubwa ya 2023. Mvua zikanyesha, mashamba yakazaa, na mwaka 2024 bei ikateremka. Mkulima alinung'unika, na ana haki yake, lakini masufuria yalijaa. Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima yake mwaka 1377, ana mlango mzima juu ya jambo hili. Natoa maana yake, si lafdhi: bei ya bidhaa ikidumu kuwa chini, huwadhuru wanaoishi kwa kuuza bidhaa hiyo, kwani faida huyeyuka, mtaji huliwa, na soko lake hulala. Kisha akaitoa nafaka katika hukumu hiyo, kwa sababu chakula ni haja ya kila mtu na mafukara ndio wengi, kwa hivyo urahisi wake ni wa kusifiwa. Mtu huyu alikuwa kadhi, na zaidi ya karne sita zimepita, lakini sijaona aliyelieleza jambo hili kwa uwazi zaidi.

Kuhusu ile aina ya pili ya kushuka, nawaomba tuondoke kidogo kando ya bahari, twende hadi Alupe.

Alupe iko katika kaunti ya Busia, kwenye barabara inayoiunganisha miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba, katika nchi ya Wateso. Wazee waliijua kwa hospitali yake ya ukoma. Vijana wa leo waijua kwa chuo kikuu, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupewa hati yake chenyewe mwaka 2022. Hospitali, chuo na mpaka ndivyo vinavyopalisha. Mwanafunzi ataka chumba, muuguzi ataka chumba, karani wa forodha ataka chumba. Watu walipoliona hilo wakajenga safu za vyumba, milango ikitazamana na bomba moja uani. Wengi waliojenga si matajiri. Ni mjane aliyepata kiinua mgongo cha marehemu mumewe, ni mwalimu mstaafu, ni mama aliyekopa katika chama chake. (Na kwa wasiojua, neno bodaboda tunalolitumia hadi Mtwapa asili yake ni huko. Vijana wa Busia waliwabeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, mpaka jina likawa ni la chombo chenyewe.)

Mpaka una tabia moja ya ajabu: hula kutokana na kuchelewa kwa watu. Dereva wa lori anayesubiri karatasi Malaba siku tatu lazima ale, alale, aoge, anunue vocha na sabuni. Juu ya subira yake ziliota nyumba za kulala wageni, mabanda ya chai, ofisi za mawakala wa forodha, na wake zetu wanaopika chapati na maharage kabla ya alfajiri. Kisha subira ikaanza kupunguzwa. Kuanzia mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza utaratibu wa himaya moja ya forodha, mizigo ya Uganda ikawa yakamilishiwa ushuru wake hapa hapa Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakakizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu, upande anaouingia. Safari iliyochukua siku ikawa ya saa. Kwa mfanyabiashara wa Kampala hiyo ni rehema, na kwa mlaji wa mwisho ni rehema. Ila kwa mama wa chapati, mteja ameondoka, na hakuna aliyemdhulumu ambaye aweza kumshitaki.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2019 ilipoamriwa kwamba makasha yote yaendayo bara yapakiwe katika reli mpya, tuliona yaliyoifika Changamwe, Miritini, na Mtito Andei. Maegesho ya malori yakawa viwanja vya mpira, gereji zikafungwa, na vyumba vya utingo na makanika vikabaki na kufuli. Amri ile iliondolewa mwaka 2022. Lori linalotoka Changamwe ndilo linalolala Malaba. Ni kamba moja, na ikivutwa huku hutikisika kule.

Lakini mwaka uliotufunza vizuri zaidi ni 2020. Machi mwaka ule Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, mizigo pekee ikiruhusiwa, na nchini Kenya shule na vyuo vikafungwa. Kwa hivyo Alupe ilipoteza katika mwezi mmoja wanafunzi wake na wapita njia wake. Maabara ya utafiti wa tiba iliyoko hapo hapo Alupe ikawa na kazi ya kupima sampuli za korona, na foleni ya malori kutoka Malaba ikarefuka makumi ya kilomita. Mtu aweza kudhani kwamba foleni ile iliwarudishia wauza chakula neema ya zamani. Haikuwa hivyo, kwa sababu kila dereva aliogopwa kama ugonjwa wenyewe.

Huku kwetu, tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa katikati, Mji wa Kale wa Mombasa ulizuiwa watu kutoka na kuingia, na Idi ikatukuta tungali ndani. Maduka yalikuwa yamejaa mashela, kofia na nguo za watoto. Bei zilishuka wiki baada ya wiki na hakuna aliyekuja. Serikali nayo ilikuwa imepunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 tangu Aprili, ili vitu virahisike. Vilirahisika kidogo. Kinachomleta mnunuzi dukani ni pesa iliyo mfukoni mwake, na mfuko ulikuwa mtupu. Mwenye duka akipunguza bei mbele ya mtu asiye na kitu, amepunguza faida yake tu.

Mpakani kuna jambo jingine ambalo sisi wa mbali huwa hatulioni: sarafu. Mwanzoni mwa 2023 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa takriban shilingi 30 za Uganda; mwaka mmoja baadaye ilikuwa takriban 24. Mama wa Busia aliyezoea kuvuka na kikapu kwenda kununua mayai, sukari na ndizi upande wa pili alikuta pesa yake imepunguka na yeye hajaitumia. Wakati huo huo jirani wa Uganda alivuka kuja kununua kwetu, akisema Kenya kumekuwa rahisi. Alisema kweli, na urahisi alioufurahia ulikuwa ni udhaifu wetu. Shilingi yetu imerudi kupata nguvu tangu 2024, na mizani ile imegeuka tena, lakini mafunzo yamebaki.

Hapa nitoe indhari fupi, kwani nimesikia watu wakigombana kwa neno hili. Mkisikia katika habari kwamba mfumuko wa bei umeshuka, kama ulivyoshuka kutoka asilimia 9.6 Oktoba 2022 hadi 2.7 Oktoba 2024, haimaanishi kwamba vitu vimekuwa rahisi kuliko mwaka uliopita. Maana yake ni kwamba vinapanda polepole zaidi. Anayepanda ngazi taratibu angali apanda. Na katika muda huo huo mshahara wa mfanyakazi umekatwa makato mapya, asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya, kwa hivyo kile kinachofika mezani si kile cha zamani. Basi nyumba yaweza kuona chumba cha kupanga kimeshuka, nguo zimeshuka, na bado ikaishi kwa dhiki, nalo si jambo la kushangaza.

Sasa nije kwenye swali lililonifanya niyaandike haya. Ameniuliza dada yetu mmoja aliyeolewa huko Busia, naye ni mjane, ana vyumba sita Alupe alivyovijenga kwa mkopo wa chama cha kina mama. Wapangaji wake wengi ni wanafunzi. Viwili ni vitupu tangu muhula uliopita, na waliobaki wamemwomba apunguze kodi kwa kuwa majirani wamepunguza. Kaka yake amwambia ashikilie bei, kwani rizki imeandikwa. Chama nacho chadai marejesho yake kila mwezi, na aliyechelewa hutozwa faini. Afanyeje?

Dada yangu, rizki imeandikwa, ni kweli, na hesabu nayo imehalalishwa. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe weka zako. Tuseme kila chumba kilikuwa shilingi 3,000. Sita vikikaliwa wapata 18,000. Vinne vikikaliwa kwa bei ile ile wapata 12,000. Ukishuka hadi 2,400 na vyote sita vikajaa, wapata 14,400. Kwa hivyo aliyeshusha bei akajaza nyumba amemzidi aliyeshikilia heshima ya bei na kufuli mbili. Na chumba kisichokaliwa hakibaki kama kilivyo. Mchwa, unyevu na wezi wa mabati hawaombi kupunguziwa. Ila usishushe kwa pupa. Mwanafunzi ana likizo ndefu, nawe unaweza kumwambia: alipe muhula wote mbele kwa bei mpya, au alipe nusu katika likizo ili vitu vyake vibaki ndani. Hayo ni mapatano, na mapatano kwa ridhaa ya pande mbili hayana ubaya. Unaweza pia kumpangisha huyu kwa bei hii na yule kwa bei ile, kwani kila mkataba wa ijara wajitegemea, almuradi hukumdanganya mmoja kuhusu bei ya mwenziwe. Akikuuliza, mwambie kweli au nyamaza.

Nao wapangaji wasidhani kwamba uhaba wa wateja umewapa rukhusa ya kuvunja ahadi. Aliyekubaliana kodi ya muhula kwa 3,000 hana haki ya kulipa 2,400 katikati ya muhula kwa sababu tu chumba cha ng'ambo kimeshuka. Aombe, na mwenye nyumba akimsamehe, amepata thawabu. Asipomsamehe, atimize, kisha muda ukiisha ahame kwa amani. Nimewasikia vijana wakimcheka mama mwenye nyumba kwamba sasa ndiye anayewabembeleza. Si adabu, na zamu ya dunia si ya mtu mmoja.

Uzito wa swali lako, hata hivyo, haumo katika kodi bali katika deni. Tazama: marejesho yako tuseme ni 10,000 kwa mwezi. Ulipokuwa ukipata 18,000, deni lilichukua zaidi kidogo ya nusu. Ukipata 14,400, deni lile lile, bila kuongezwa hata senti, lachukua karibu sehemu saba katika kumi. Hivi ndivyo bei zinavyoposhuka zinavyomwonea mwenye deni: vyote hupungua isipokuwa tarakimu iliyo katika daftari la mkopeshaji. Ndiyo maana katika nyakati hizi nyumba nyingi huanguka ambazo zilijengwa kwa bidii na uaminifu, na watu wa nje husema mwenyewe alikuwa mbadhirifu.

Kwa hivyo maneno yangu mengine nayapeleka kwa viongozi wa chama. Qur'ani katika Suratul Baqara imeamrisha kwamba mwenye deni akiwa katika dhiki apewe muhula hadi apate wepesi, na ikamweleza mdai kwamba kusamehe ni bora zaidi kwake. Hii si nasiha ya hiari tu kwa yule ambaye dhiki yake imethibiti. Keti naye, mrefushie muda, 10,000 ziwe 6,000 kwa miezi zaidi. Ama faini ya kuchelewa, ikiwa yaongezwa juu ya deni kwa sababu ya muda na kuingia katika mfuko wa chama, hiyo ni riba iliyo wazi, hata ikipewa jina la nidhamu na hata ikipigiwa kura na wanachama wote. Najua wengi mtaudhika nami kwa hili, kwa sababu vyama vingi, vya huko na vya huku pwani, vina kanuni hiyo katika daftari lao. Wamuzi wa chama wanaotaka nidhamu wana njia: wachukue wadhamini, waweke rahani, wamnyime mkopo mwingine asiyekuwa na udhuru. Mjane mwenye kufuli mbili ana udhuru.

Kuna ugomvi mwingine ambao msimu huu huuzaa sokoni, nao ni wa kukatiana bei. Mama mmoja ana mtaji mpana, ashusha bei ya mchele au ya mitumba hadi chini ya aliyonunulia, majirani wafunga, kisha abaki peke yake. Imamu Malik amepokea kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alimpitia Hatib bin Abi Balta'a sokoni akiuza zabibu kwa bei ya chini kuliko wenziwe, akamwambia ama aongeze bei ama aondoke katika soko lao. Imamu Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata wengi wetu, akaja na ziada: kwamba Umar alijihesabu, akamwendea Hatib nyumbani kwake, akamweleza kuwa ile haikuwa amri wala hukumu bali jambo aliloliona lina kheri kwa watu, na kwamba auze apendapo na jinsi apendavyo. Mimi naipenda riwaya hii kwa pande zote mbili. Hukumu ni kwamba mwenye mali huuza kwa bei aitakayo, na mwenye kununua hafanyi dhambi kununua rahisi. Lakini Umar hakuona haya kuwa na wasiwasi juu ya wenye vibanda vya pembeni, na mwenye duka kubwa naye asione haya kuwafikiria. Sisi wanunuzi pia tuwe na nadhari. Wahenga walisema rahisi yavunja upishi, na duka la jirani likifungwa, siku ya kuhitaji chumvi usiku utakwenda wapi?

Kuhusu kununua kwa mwenye kuuza kwa dhiki, wanazuoni walichukizwa na kumnyemelea mtu aliyebanwa hadi auze kwa hasara kubwa, na wengi wao walipendelea akopeshwe au asubiriwe kuliko kunyakuliwa mali yake. Nayasema kwa sababu viwanja vya Alupe na vya Kisauni vyatembezwa sasa na madalali kwa maneno ya "mwenyewe ana shida, harakisha." Ibn Khaldun aliliona na hili: kwamba ardhi na majumba hushuka thamani dola inapodhoofika, na wanaonunua wakati huo hutajirika mambo yakitengemaa. Kununua si haramu. Basi anayenunua ampe mwenziwe bei ambayo asingeona haya kuitaja mbele ya watu. Na wewe mama unayefikiria kuuza bangili zako ili ulipe kodi, fahamu kwamba dhahabu haimo katika vitu vilivyoshuka. Imepanda sana miaka hii. Ipime kwa masonara wawili watatu kabla hujakubali, na usimpelekee wa kwanza akutakaye haraka.

Limebaki la zaka, nalo wauzaji wengi hukosea. Bidhaa ya biashara huthaminiwa kwa bei ya soko ya siku ile mwaka unapotimia, si kwa bei uliyonunulia. Mama mwenye doti 400 za kanga alizozinunua kwa shilingi 900 kila moja, na leo soko halimpi zaidi ya 600, ana mali ya 240,000, si 360,000. Ikiwa imefika nisabu pamoja na pesa zake nyingine, zaka ya kanga hizo ni 6,000, si 9,000. Jengo la kupangisha halitolewi zaka katika thamani yake, iwe imepanda au imeshuka. Hutolewa katika kodi iliyokusanywa ikabaki, ikafika nisabu na kuzungukiwa na mwaka. Kodi iliyoliwa na marejesho ya chama haikubaki. Siku ya kutimia mwaka chukua daftari, uliza bei katika maduka mawili ya jirani, andika tarehe, kisha hesabu.

Wabillahi tawfiq.